Kunyamaza kwa Mwuzaji

Msomaji, mtu akikuuliza jambo unalolijua, nawe ukamjibu kinyume chake, umesema uongo. Hapo hapatakiwi mwanachuoni wa kuamua. Hata mtoto aliyevunja chungu cha mamaye alijua hilo. Lakini asipokuuliza je? Akija kwako kununua kitu, akakitazama, akakisifu, akatoa fedha zake, nawe wajua neno moja ambalo lau angalilijua angaliurudisha mkono wake mfukoni. Ukanyamaza, ukapokea, ukahesabu: je, umemwibia, au umefanya biashara tu? Nakuomba ulishike swali hili kama ushikavyo yai, maana nitakwenda nawe safari ndefu, nami sitaki liangukie njiani.

Swali hili lilinijia mwaka wa 2022, niliponunua motokaa kuukuu ya umeme kutoka Japani. Mwezi wa Septemba mwaka huo lita moja ya petroli mjini Nairobi ilifika shilingi 179, na mshahara wa mwalimu haukupanda pamoja nayo. Nikasema moyoni kwamba nchi yetu yapata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka mvuke wa ardhi ya Olkaria, maji ya mito na upepo wa Marsabit. Kwa nini basi niendelee kuchoma mafuta yatokayo ng'ambo? Hoja ilikuwa njema. Ni kawaida ya mtu anayetaka kununua kitu kuwa na hoja njema.

Usidhani motokaa ya umeme ni kitu kilichozaliwa jana. Mwaka wa 1899 Mbelgiji mmoja, Camille Jenatzy, aliendesha gari la umeme kwa kasi iliyozidi kilomita 100 kwa saa, na hapakuwa na dereva mwingine duniani aliyewahi kufika hapo kwa gari la namna yoyote. Katika Marekani kampuni ya Detroit Electric ilianza kutengeneza magari ya umeme mwaka wa 1907, ikaendelea nayo zaidi ya miaka 30. Kilichoyashinda magari yale hakikuwa mwendo. Yalishindwa na betri: nzito, ya bei kubwa, tena ya kuchoka upesi. Na betri ndiyo kiini cha kisa changu pia.

Katika motokaa ya mafuta, tangi halizeeki. Likichukua lita 40 mwaka wa kwanza, litachukua lita 40 mwaka wa kumi. Katika motokaa ya umeme tangi lenyewe hunywea. Kila mwaka upitao, kila joto lipigalo, kila mara itiwapo umeme na kutolewa, betri hupoteza kidogo cha uwezo wake, wala hakirudi. Niliyoinunua ilikuwa Nissan Leaf ya mwaka wa 2015, ambayo ilipokuwa mpya betri yake ilikuwa ya yuniti 24 za umeme. Haipozwi kwa maji, kama injini zinavyopozwa. Hewa tu ndiyo huipunguzia joto. Wenye magari ya namna hiyo katika jimbo la Arizona, Marekani, walianza kulalamika mwaka wa 2012 kuwa joto la jangwani limewalia betri zao, hali magari yenyewe yalikuwa bado machanga.

Hapa nitakupa kitendawili kidogo. Motokaa hii moja, ikiwa mpya, kwa kipimo cha Wajapani ilikwenda kilomita 228 kabla ya kuishiwa umeme. Kwa kipimo cha Wamarekani ilikwenda 135. Chuma ni kile kile, betri ni ile ile, na baina ya hesabu hizo mbili pana kilomita 93. Nani aliyesema uongo? Hakuna. Kila mmoja alipima kwa namna yake, mmoja kwa mwendo wa upole zaidi kuliko mwenzake, na kila mmoja aliandika alichokiona. Lakini mwuzaji anayezijua hesabu zote mbili, akamtajia mnunuzi ile kubwa peke yake, huyo tumwitaje?

Mbele ya dereva, katika kioo cha vipimo, pana vijiti 12 vidogo vya mwanga vinavyoonyesha afya ya betri. Betri inapopoteza kama sehemu 15 kwa 100 ya uwezo wake, kijiti cha kwanza huzimika. Baada ya hapo kila upungufu wa kama sehemu 6 huzima kingine. Kwa hiyo motokaa yenye vijiti 12 ni nzima au karibu ya nzima, na yenye 9 imekwisha kupoteza zaidi ya robo. Wakala wangu aliniletea picha katika simu. Niliihesabu mara tatu: vijiti 12, vyote vyawaka. Sikumwuliza neno kuhusu betri, naye hakuniambia neno. Nilimpelekea fedha.

Sheria ya Kenya haikubali kuingizwa nchini motokaa iliyopita miaka 8 tangu ilipoandikishwa mara ya kwanza, na yangu ilikuwa na miaka 7. Ikakaguliwa kule kwao, ikapata cheti, ikapanda meli. Cheti kilisema kwamba motokaa yafaa kwenda barabarani. Itakwenda umbali gani barabarani hakikusema.

Ilipofika Kilindini nilikwenda kuipokea. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 480, na njia yote ni ya kupanda, kwa kuwa Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,600 na zaidi. Kuinyanyua tu motokaa ya uzito ule hadi kimo hicho kwahitaji yuniti zipatazo 7 za umeme, mbali na zile za kuisukuma mbele. Mwenye lori alijitolea kunichukulia kwa bei yake. Nikaiona bei kubwa, nikakataa. Nikajiambia nitakwenda pole pole, kituo kwa kituo, nikiomba umeme kama msafiri wa zamani alivyoomba maji ya kunywesha punda wake. Lilikuwa wazo la bahili, na bahili hulipa mara mbili.

Nilikusudia kufika Maungu siku ya kwanza. Nilipopita Samburu kipimo kilikuwa kimeshuka kuliko nilivyotarajia. Nikazima upepo wa baridi, nikafungua madirisha, nikapunguza mwendo hata malori ya mizigo yakanipita yakinipigia honi. Nilifika Mackinnon Road, penye msikiti ule ulio kando ya reli, mshale ukiwa karibu ya mwisho. Lakini vijiti vile 12 vilikuwa vingali vinawaka vyote, kama mgonjwa aliyepakwa wanja.

Palikuwa na mkahawa mdogo wenye vyumba viwili vya wageni nyuma yake. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mwenye kauli njema. Juu ya meza palikuwa na simu nyingi zimeunganishwa kwa waya mmoja, maana huko watu wa vijijini huja kutilia simu zao umeme kwa shilingi 20. Nikamsalimu, nikamweleza shida yangu. Akacheka, akatoka kuitazama motokaa, akaizunguka.

"Kumbe hii nayo ni ya kuchajiwa kama simu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi, mwalimu, hii ni simu kubwa. Nipe hamsini."

Msomaji, hapa nataka utulie. Mimi ni mwalimu, na hesabu hainipi taabu. Yuniti moja ya umeme yatosha kujaza simu 60 au zaidi. Motokaa yangu ilikuwa itanywa yuniti zipatazo 16 usiku ule, yaani umeme wa simu karibu elfu moja, na gharama yake haikuwa chini ya shilingi 350. Hayo yote niliyajua nilipokuwa nimesimama pale mlangoni. Yeye hakuyajua. Wala hakuniuliza. Alitaja bei kwa kinywa chake mwenyewe, kwa hiari yake, bila ya kushurutishwa wala kudanganywa. Nikampa hamsini, nikachomeka waya, nikala ugali na kunde, nikalala.

Kabla ya alfajiri nyumba ikawa giza. Mama yule alikuwa akitumia umeme wa kulipia kabla, na alikuwa amenunua wa shilingi 500 siku moja iliyopita. Motokaa ilikunywa ikashiba, na kilichosalia kikamalizwa na jokofu lake la maziwa na soda. Asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya mita akiwalaumu watu wa umeme. "Juzi tu nimenunua," akasema, "hawa ni wezi." Nami, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, chai yake, nilinyamaza mara ya pili.

Nilimpelekea shilingi 600 kwa simu nilipofika Voi, pamoja na maelezo. Ilinichukua mwendo wote wa Mackinnon Road hadi Voi kufika kwenye uamuzi huo, na si mwendo mrefu. Lakini nilikuwa peke yangu, na mtu aliye peke yake katika gari lisilokuwa na kelele za injini husikia mambo mengi. Jibu lake lilikuwa maneno matatu: "Mbona hukusema, mwanangu?" Sikupata la kumjibu mpaka leo.

Safari iliyobaki nitaipita haraka. Voi, Mtito Andei, Makindu, Sultan Hamud: kila nilipofika nilitangaza hesabu ya yuniti kabla ya kuchomeka, na mahali pawili nilikataliwa kwa ajili hiyo. Safari ya nusu siku ikawa safari ya siku tano. Na kabla sijaziona nyumba za Athi River, vijiti vilianza kuzimika kimoja baada ya kimoja, si kwa miaka kama ilivyo desturi yake bali kwa siku. Vilisimama kwenye 9.

Fundi mmoja wa Nairobi alinieleza siri. Vijiti vile haviitazami betri moja kwa moja. Hutii hesabu iliyowekwa katika chombo kinachoisimamia. Mwenye kifaa chake aweza kuifuta hesabu hiyo kwa muda wa dakika chache, na chombo, kwa kuwa kimesahau, huidhani betri kuwa mpya, huwasha vijiti vyote. Betri ikiisha kutiwa umeme na kutolewa mara kadhaa, chombo hujifunza tena ukweli, na vijiti huanguka. Aghalabu wakati huo fedha zimekwisha vuka bahari.

Nilimpigia wakala simu. Aliapa kwamba yeye hakugusa kitu. Alipewa picha na aliyemwuzia, na huyo naye aliinunua mnadani. Yamkini alisema kweli. Nilimwuliza kama aliwahi kusikia habari za kufuta hesabu ya betri. Akasema ameisikia. Nilimwuliza kwa nini basi hakumwuliza aliyemwuzia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bwana, mbona nawe hukuniuliza mimi?"

Jibu lile lilinikasirisha kwa siku nyingi, na sababu ya hasira yangu ni kwamba lilikuwa jibu zuri. Waswahili husema mtu ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini aliyenunua gunia bila ya kulifungua ana sehemu yake katika kosa. Tena nilikuwa nimejificha ndani ya jibu hilo hilo katika mkahawa wa Mackinnon Road: yule mama naye hakuniuliza.

Ugomvi huu ni wa kale sana. Mwaka wa 44 kabla ya Kristo, Cicero, msemaji mkuu wa Warumi, aliandika kitabu juu ya wajibu wa mtu, akakielekeza kwa mwanawe aliyekuwa mwanafunzi mjini Athens. Kwa hiyo kiliandikwa kwa kijana wa hali yako. Humo atoa mifano miwili. Wa kwanza ni wa mfanyi biashara aliyeleta nafaka kutoka Alexandria katika kisiwa cha Rhodes, ambako watu walikuwa na njaa na bei imepanda sana. Njiani ameziona merikebu nyingine nyingi zenye nafaka zinakuja nyuma yake. Je, awaambie watu wa Rhodes, bei ianguke, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Wa pili ni wa mtu auzaye nyumba yenye ila ambazo yeye peke yake azijua: haina afya, mbao zake zimeoza, nyoka huonekana vyumbani.

Cicero asimulia jinsi wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater, walivyopingana. Diogenes alisema kwamba mwuzaji hana budi kutaja ila zile ambazo sheria yamlazimisha kuzitaja, na kwingine asiseme uongo. Lakini kunyamaza si kuficha. Je, yuko mpumbavu atakayempa mpiga mnada maneno ya kutangaza kwamba nauza nyumba mbovu? Antipater alijibu kwamba watu wote ni jamaa moja, na kumwacha mwenzako aingie katika hasara kwa kutojua ni kubaya kuliko kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Cicero mwenyewe aliamua pamoja na Antipater katika mifano yote miwili.

Mimi siwezi kuamua upesi kama Cicero. Katika mfano wa nafaka nasitasita. Habari za merikebu zile si sehemu ya nafaka. Mfanyi biashara amezipata kwa jasho lake na hatari ya bahari, na nafaka aliyoileta ni njema, hata ungaliijua siri yake ungaliila na kushiba. Kama kila ajuaye bei ya soko la mbele alazimishwe kuitangaza bure, hapatakuwa mtu wa kwenda soko la mbele. Njaa ya watu wale ndiyo inayonizuia kumwachilia kabisa; wangalikuwa wameshiba ningalimwachilia.

Katika mfano wa nyumba sina shaka hata kidogo. Nyoka yu ndani ya nyumba. Kuoza kumo ndani ya mbao. Ila ya kitu ni sehemu ya kitu, kama milango na paa. Na anayekupokea fedha kwa kitu kizima huku akikupa theluthi mbili yake, amekupunja katika kipimo, hata kama ulimi wake haukutikisika. Watu wa pwani husimuliwa tangu utotoni habari ya Mtume alivyopita sokoni, akatia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka, vidole vikatoka na umande. Mwenye nafaka akasema ni mvua iliyoinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Hebu angalia vizuri: mtu yule hakusema neno lolote la uongo. Alipanga tu, kavu juu na mbichi chini. Vijiti 12 vya motokaa yangu vilipangwa vivyo hivyo.

Utaniambia, msomaji, kwamba mambo haya yana sheria. Yanayo. Sheria yetu ya kuuza bidhaa, Sura ya 31, imetokana na ile ya Waingereza ya mwaka 1893, na msingi wake wa kale ni kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Ipo himaya kwa yule anunuaye kwa mwenye duka, na kwa yule aliyemweleza mwuzaji haja yake akategemea ujuzi wake, na tangu mwaka 2012 ipo sheria nyingine ya kumlinda mtumiaji. Lakini mtu wa kawaida anapomwuzia mtu wa kawaida, sheria aghalabu hutazama pembeni. Haina macho ya kuingia katika kila gunia. Kwa sababu hiyo swali letu linabaki pale lilipokuwa, mikononi mwa yule mwenye kujua.

Tena iko tofauti moja ambayo wale wa kale hawakuipima sana, nayo ni umbali. Zamani jahazi lilipoleta tende bandarini, mnunuzi alishuka mwenyewe ufukoni. Akazishika, akazinusa, akaonja moja, akaonja na ya pili kwa kisingizio. Maneno ya kujihadhari yalikuwa na maana kwake, kwa kuwa alikuwa na pua na ulimi wa kujihadharia. Mimi nilinunua kitu kilichokuwa upande wa pili wa bahari mbili. Sikuwa na mkono wa kukigusa, na macho niliyotumia nilikuwa nimeyaazima kwa mwuzaji. Mtu akikuazima macho yake, kisha akayafumba palipo na shimo, kwamba hukuuliza habari ya shimo si udhuru. Naona kwa hiyo kwamba kadiri mnunuzi anavyokuwa mbali, ndivyo deni la mwuzaji linavyozidi. Naye wakala aliyejilinda kwa kutouliza, nini hukumu yake? Alikuwa na pazia mbele yake, akajua nyuma yake pana kitu, akaiacha mikono yake mifukoni kwa sababu fedha zake zilikuwa upande huu wa pazia. Simwiti mwongo. Lakini ujinga wa namna ile si ule wa mama wa Mackinnon Road, ambaye hakujua kwa kuwa hakuwa na njia ya kujua. Ule wa wakala ulinunuliwa kwa faida.

Liko neno la kumtetea mwuzaji, nami nisipolisema nitakuwa nimelificha. Kama kila mwenye kitu kikuukuu angalisema aibu zake zote kwa sauti ya mpiga mbiu, vitu vikuukuu visingaliuzwa, na maskini wangalikwenda kwa miguu. Motokaa yenye robo ya betri iliyokufa bado ni motokaa. Kwa mtu anayekaa karibu na kazi yake ni nzuri ya kutosha, na mwenye kumwogopesha kwa orodha ndefu ya ila amemnyima faida. Nakubali. Lakini maneno haya yanamtaka mwuzaji aseme ukweli kwa kiasi chake, na aseme pia kitu kinafaa nini. Hayasemi popote anyamaze.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ningependa kuiacha. Mwanzoni mwa mwaka 2024 binti yangu alikuwa anaingia shule ya bweni, na fedha hazikutosha. Nikaamua kuiuza motokaa. Ilikuwa imebaki na vijiti 8. Nikampelekea fundi yule aisafishe. Akaitazama, akanitazama.

"Mwalimu," akasema, "naweza kuvirudisha vyote 12 kwa shilingi elfu tatu. Itakuongezea laki moja, pengine na nusu."

Ningependa kukuambia kwamba nilimkemea. Nilimwambia nitafikiri, na nikafikiri siku tatu. Katika siku hizo nilipata hoja nyingi nzuri. Nami nilidanganywa, hasara lazima iishie kwa mtu, kwa nini iishie kwangu? Nitaonyesha picha tu, sitasema neno, nikiulizwa nitajibu kweli. Kila hoja ilikuwa imekwisha tumiwa na mtu mwingine dhidi yangu, na zote zilinikaa vizuri kama nguo za kushonewa. Usiku wa tatu nilichukua simu nikautafuta ujumbe wa yule mama wa mkahawani. Ulikuwa ungalipo.

Mnunuzi alikuwa kijana wa Eldoret, ambaye hakuwa na nafasi ya kuja Nairobi. Alitaka picha tu, apeleke fedha, atume lori. Nilimpiga picha ya vijiti 8. Nikamwandikia kwamba motokaa huenda kilomita 80 katika njia ya sawa na si zaidi, kwamba kule kwenu kwenye baridi na vilima itapungua, na kwamba kwa kazi ya teksi haitafaa, lakini kwa mwenye kwenda kazini na kurudi itafaa miaka kadhaa. Nikapunguza bei kwa kadiri hiyo. Akapiga simu jioni ile ile.

"Mzee, na kingine ni nini?"

"Hakuna kingine."

"Lazima kipo. Mtu hawezi kusema hayo yote bure."

Nilimhakikishia mara mbili kwamba hakuna. Akasema atanipigia, asinipigie. Baadaye nilisikia kwamba alinunua nyingine, iliyotoka Mombasa, ya bei kubwa kidogo kuliko yangu, yenye vijiti 12.

Karo ya binti yangu niliikopa katika chama cha akiba na mikopo, na mwezi huu ndipo nimemaliza kuilipa. Motokaa ninayo bado. Asubuhi ya leo imeonyesha vijiti 7. Kutoka nyumbani kwangu hadi shuleni ni kilomita 14, na kurudi ni 14.